Likizo Yetu ya Kusini: Masasi, Newala na Kwao Mama



Wengi mmetuuliza kwa nini duka lilifungwa siku kumi mwezi wa Julai 2024. Mliokuja kuchukua nguo zenu mkakuta kufuli, tunakuombeni radhi tena. Tulikuwa safarini. Hatukwenda Dubai wala Istanbul, ingawa huko ndiko tulikoanza kupanga. Tulikwenda Masasi na Newala, mkoa wa Mtwara, tukamchukua mama yetu.

Mnaotujua mnajua sisi tuko wawili, ndugu wa tumbo moja. Duka letu lina vyarahani vinne na mashine moja ya overloki. Tangu tumalize kidato cha nne tukaenda kozi ya ushoni, kila kitu tumefanya pamoja, mpaka wateja hawajui nani kakata na nani kashona. Kwa hiyo hapa pia tutasema "sisi", hata kwa yale tuliyogombania. Na tuligombana, tusifichane.

Pesa zilikuwa za kibati. Tuko wanawake kumi na wawili, zamu yetu ikaangukia baada ya Idi ya Mfunguo Tatu. Mmoja wetu akasema pesa zote ziende kumaliza deni la overloki, kwa sababu ile mashine tumeikopa na tulikuwa nyuma miezi mitatu. Mwingine akasema tumefanya kazi miaka minane bila hata wiki moja ya kupumzika, na mwili nao una haki yake. Tukawa tunazungumza Dubai, mama amekaa barazani anachambua mchele, kimya. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Kama mna pesa za kupanda ndege, nipelekeni Newala nikamuone dada yangu."

Sote wawili tuliacha kazi mikono hewani. Hatukujua kama ana dada.

Kwetu tulilelewa tukijua sisi ni wa Unguja basi. Bibi yetu, mama yake mama, tulimkuta mzee. Alikuwa na nembo usoni, michoro ya kuchanjwa ya Kimakonde, na akitoka nje alivuta kanga mpaka karibu na macho. Tulidhani ni haya za uzee. Tulipokuwa skuli, watoto walikuwa wakimwita mwenzao "Mmakonde" kama tusi, na sisi tulicheka pamoja nao. Mama alikuwa akitusikia. Alikuja Unguja na wazazi wake akiwa na miaka saba, mwaka 1960, baba yake akifuata kazi ya kuchuma karafuu. Dada yake mkubwa alishaolewa, akabaki. Bibi alifia huku. Barua zilikwisha, na lugha mama hakutufundisha hata neno moja.

Sasa ana miaka sabini na moja, presha inampanda na kushuka. Baada ya hapo hatukuzungumza tena habari za Dubai. Deni tukalilipa mwezi mmoja tu kati ya mitatu, zilizobaki tukaziweka kwenye bahasha tukaiandika "Kusini".

Tulivyochagua mwezi

Hili mtusikilize vizuri, kwa sababu tulitaka kukosea. Sisi mafundi tuna kalenda yetu. Januari ni sare za skuli, Shaaban na Ramadhani ni nguo za Idi, hapo hata kula tunakula tumesimama. Tukafikiri Novemba, kazi inapungua. Mteja wetu mmoja ambaye kwao ni Newala akatuzuia. Akasema Oktoba mpaka Disemba ndiyo korosho. Wakulima wanapeleka korosho kwenye vyama vya msingi, zinawekwa ghalani, zinauzwa kwa mnada, na pesa inapoingia mji mzima hauna nafasi. Nyumba za wageni zinajaa, mabasi yanajaa, na vitu vinapanda bei. Halafu zikianza mvua, barabara za udongo kule juu zinakuwa taabu.

Akatuambia twende Juni au Julai. Ni kiangazi, njia ni kavu, na watu wapo majumbani wanashughulika na mikorosho yao. Akasahau kutuambia jambo moja tu, nalo tutalisema mbele.

Njia

Tulichora mpango kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho. Siku ya kwanza boti mpaka Dar es Salaam, tulale kwa ndugu. Siku ya pili basi. Tulitaka tushuke Kilwa siku moja, tukaone magofu ya Kilwa Kisiwani ambayo UNESCO imeyaingiza kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Kisha Masasi usiku mmoja, Newala siku tatu, turudi kwa njia ya Mtwara tupite Mikindani, mji wa mawe kama wetu. Mpango ulikuwa mzuri sana kwenye daftari.

Wakati ule watu wengi walituambia tusipite nchi kavu. Mwezi wa Mei mwaka huo mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa. Tuliulizia, tukaambiwa inapitika, ila matengenezo bado yanaendelea. Ndege ipo kutoka Dar mpaka Mtwara, lakini nauli ya watu wanne ingemaliza bahasha. Ndiyo, tulikuwa wanne. Tulimchukua kijana wetu wa miaka kumi na tisa, ambaye kwa mmoja wetu ni mtoto, kwa mwingine ni mtoto wa dada, na kwa mama ni mjukuu. Maharimu wetu sote watatu akawa mmoja, na mabegi yakapata mbebaji.

Tuliondoka Dar kabla ya alfajiri. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha lile Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji. Kabla ya kufunguliwa mwaka 2003 watu wa Kusini walivuka kwa kivuko, na mto ukijaa unakaa ng'ambo unasubiri. Mama alitazama maji mpaka daraja likaisha. Akasema, "Sisi tulikuja kwa jahazi." Hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichotuhadithia.

Somanga tulipita polepole sana. Nangurukuru, penye njia ya kwenda Kilwa, tulitakiwa tushuke. Mama akatutazama akasema, "Kilwa mtakwenda na waume zenu." Hatukushuka. Kwenye kituo cha chakula tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusuru na kuzijumuisha. Kwa mnaosafiri kwa basi, shukeni na udhu wenu tayari na kanga ya kusalia iwe kwenye mkoba wa mkononi, msiiweke buti. Dereva hasubiri.

Mingoyo barabara inagawanyika, moja inakwenda Mtwara, nyingine Masasi. Mtama, Nyangao, Ndanda. Pale Ndanda milima ilikuwa upande mmoja imesimama kama ukuta, na mtu aliyekaa nasi akatuambia huo ndio ukingo wa uwanda wa Wamakonde, Newala iko juu huko. Mama akafungua dirisha. Vumbi lote likatuingia na hatukumwambia afunge.

Masasi

Masasi ni mji uliokaa katikati ya majabali. Mawe makubwa ya rangi ya kijivu yametoka ardhini kama migongo ya nyangumi, na nyumba ziko chini yake. Jioni jua likiyapiga yanakuwa mekundu. Ni mji wa biashara, njia panda ya Tunduru, Newala na Msumbiji. Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma lilifunguliwa mwaka 2010, kwa hiyo sokoni utawasikia hata watu wa ng'ambo ile. Rais wa tatu, Hayati Benjamin Mkapa, amezikwa kijijini kwao Lupaso, wilaya hiyo hiyo.

Lakini kilichotushika sisi watu wa visiwani ni kingine. Jabali la Mtandi lina kanisa kuu la Anglikana, na mzee mwenye nyumba ya wageni alipojua tumetoka Unguja alicheka akasema, "Basi nyinyi ndio mlituletea watu." Tukamuuliza watu gani. Akatueleza, na baadaye tukaona ni jambo linalojulikana sana. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Askofu Edward Steere, yule yule aliyejenga kanisa pale Mkunazini na kuandika vitabu vya Kiswahili, mwaka 1876 aliwachukua watu waliokombolewa utumwani wakaishi Unguja, akawarudisha bara. Nia ilikuwa kuwasogeza karibu na kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona mahali pazuri, wakakaa hapo.

Sisi tunapita Mkunazini kila wiki kwenda kununua vifungo na zipu. Tunawaona watalii wamepanga foleni, hatujawahi hata kufikiri wale watu walikwenda wapi baada ya minyororo. Wengine walikuja huku. Na njia waliyotolewa kupelekwa pwani zamani ndiyo hii hii tuliyokuja nayo kwenye basi la kiyoyozi. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo halikutupita. "Na kuna aliyemkuta nduguye?" Yule mzee akasema Mungu ndiye anajua.

Tulichofungasha, na tulichokosea

Tulichopatia: dawa za presha za mama za siku ishirini badala ya kumi, cheti cha kliniki, taulo, kopo la udhu, tochi, na zawadi. Tulibeba doti kumi na mbili za kanga, na madira sita tuliyoshona kwa vipimo vya kukisia, maana dira haimkosi mtu.

Tulichokosea: baridi. Yule mteja wetu hakusema! Newala mwezi wa Julai asubuhi kuna ukungu unaoingia mpaka ndani ya nyumba. Sisi watu wa joto tulikuwa na mitandio ya shifoni. Mafundi wa nguo wawili, mama yetu anatetemeka kwa sababu hatukushona hata sweta moja. Kijana alivua koti lake akampa bibi yake, na yeye akajifunga kanga kama mzee wa kijiji.

Kupanda Newala

Kutoka Masasi tulipanda gari ndogo ya abiria. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala mpaka Masasi ilikuwa ikijengwa kwa lami vipande vipande, na sisi tulikutana na mashine na vumbi. Halafu gari linaanza kupanda kona kwa kona, masikio yanaziba, na unapofika juu ni tambarare, mikorosho kila upande, mchanga mwekundu.

Jambo la kujua kuhusu Newala ni maji. Ule udongo ni wa kichanga, mvua inanyesha lakini maji yanazama chini kabisa, yanakuja kutokea chemchemi huko mabondeni, chini ya ukingo. Juu hakuna mto wala kijito. Ukiuliza kwa nini watu wakakaa mahali pasipo na maji, wazee watakwambia walipandia kujificha. Wakati wa biashara ya watumwa na uvamizi wa Wangoni, vichaka vya juu vilikuwa ngome yao. Walikubali kiu kuliko minyororo. Wanawake ndio waliolipa, maana waliteremka bondeni na kupanda na mitungi kila siku. Miaka ya 1950 ulianza mradi wa maji wa Makonde wa kusukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu, na mpaka leo unahudumia watu, lakini nyumba nyingi bado zina shimo la saruji la kukingia maji ya mvua ya bati, na kila tone lina hesabu yake.

Tulijifunza adabu hapo. Kwetu mtu anafungua bomba anatawadha huku anazungumza. Pale tulipewa kopo moja la udhu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo. Tulisoma tu, hatukuwahi kujaribu. Inatosha, wallahi inatosha.

Mama alikuwa na vitu vitatu kichwani: jina la kijiji, jina la dada yake, na ukungu. Kijiji hakikuwa pale alipokiacha. Miaka ya sabini, wakati wa vijiji vya ujamaa, watu walihamishwa wakakusanywa barabarani, jina likahama nao. Tulianza ofisi ya kijiji, tukapelekwa kwa imamu, imamu akamwita bibi mmoja, bibi akamtazama mama muda mrefu akamshika kidevu. Akasema neno kwa Kimakonde. Na mama yetu, ambaye hatujawahi kumsikia, akajibu. Kwa kusitasita, kama mtoto anayesoma herufi, lakini akajibu.

Dada yake alifariki mwaka 2011.

Tulipelekwa nyumbani kwa binti yake, ambaye kwa hesabu za ukoo ni dada yetu. Tulikuta ua umefagiwa, mama amekaa mkekani ameinamisha kichwa, anapokea pole za msiba wa miaka kumi na tatu kana kwamba ni wa jana. Kisha mtu nyuma ya nyumba akapaza sauti, "Somoe! We Somoe!" Mama akaitika, "Labeka!" Na mtoto wa miaka tisa naye akaitika, akatoka mbio na ndoo.

Mama anaitwa Somoe. Mjukuu wa dada yake alipewa jina la yule mdogo aliyepotelea visiwani.

Kikao

Tungependa kuishia hapo, ingekuwa hadithi tamu. Lakini tumesema hatutafichana.

Siku ya pili tuliona watu wamekuwa baridi. Chakula kilikuja, na kizuri, ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, na ming'oko, mizizi ya porini wanayoichimba na kuichemsha. Lakini mazungumzo yalikatika tukiingia. Jioni tukaitwa kikao. Mjomba wa mama, mzee mno, alikaa kwenye kiti, wengine mikekani. Akasema kwa upole, "Tumefurahi. Ila tunataka kujua, mmekuja kwa lipi?"

Wamakonde wanahesabu ukoo kwa mama. Ardhi ya upande ule inafuata wanawake. Kulikuwa na shamba la mikorosho, na mama yetu, mtoto wa kike wa tumbo lile, ana neno juu yake. Walidhani tumekuja kudai. Mwaka ule ule walikuwa wameshatoa nguvu zao kupalilia, na tulipopita shambani tulinusa salfa, ile dawa ya unga wanayoipuliza wakati wa maua kuzuia ubwiriunga. Msimu ulikuwa umeshaanza kuwagharimu, na ghafla wamekuja watu wa Unguja wamevaa mabuibui ya shanga.

Sasa tuseme la kwetu. Usiku ule, kabla ya mama kujibu, tulikaa nje tukanong'ona. Mmoja wetu alisema, kama ni haki ya mama kwa nini aiache? Hatuombi, mirathi ni haki, na huko nyumbani overloki itachukuliwa. Korosho za msimu mmoja tu zingetutoa. Mwingine akasema huoni aibu, dada yetu hana hata kitanda cha pili. Yule wa kwanza akajibu, aibu hailipi deni. Tulisemeshana maneno ambayo hatujawahi kusemeshana tangu utoto. Mama alikuwa macho, amelala upande wa ukuta. Alituacha tumalize.

Kisha akasema, "Mimi nimeondoka hapa na miaka saba. Nani kapalilia?"

Hatukujibu.

"Mama yangu alipokufa Unguja, nani huku alijua? Dada yangu alipokufa, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa Mwanakwerekwe naona haya kusema kwetu wapi. Haki yangu ninaijua. Ni yangu, si yenu. Na mwenye haki yake ndiye mwenye ruhusa ya kuiacha."

Asubuhi aliwaambia hivyo hivyo, mbele ya wote. Aliomba mambo mawili: apelekwe kaburini, na watoto waambiwe kwamba bibi yao wa Unguja anaitwa nani na anakaa wapi, ili siku wakipita wasilale nyumba ya wageni. Yule mzee alinyamaza, kisha akacheka, meno hana, akamwambia, "Umekawia." Dada yetu ndiye aliyelia.

Hatutadanganya kwamba sote tuliridhika saa ile. Mmoja wetu alikaa siku nzima na fundo kooni. Lililolifungua halikuwa maneno. Mchana tulitoa futi ya kupimia, ambayo haitoki mkobani, tukaanza kurekebisha yale madira, maana tulikisia vibaya, wenzetu ni wembamba kuliko sisi. Wanawake wakaja mmoja mmoja kupimwa. Unapompima mtu unamzungushia mikono. Umemzungushia mikono dada yako, unausikia moyo wake, unaona kilemba chake kina viraka vitatu. Basi. Aliyekuwa na fundo ndiye aliyeshona mpaka magharibi, kwa sindano ya mkono, na hakulizungumza tena shamba.

Shimo la Mungu

Siku ya mwisho dada yetu alitupeleka Shimo la Mungu, pembeni ya mji wa Newala. Nchi inakatika ghafla. Unasimama ukingoni, chini ni bonde moja kubwa, miti inaonekana kama majani ya mchicha, na mbali kule ni upande wa Mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa ndani yake kama maziwa kwenye bakuli. Hakuna uzio, kwa hiyo mkienda na watoto washikeni mikono.

Mama alikaa juu ya jiwe. Akasema bibi alikuwa akiteremka bondeni kuchota maji, na yeye akimsubiri juu, anasikiliza mpaka asikie wanawake wanaimba wanapanda, ndipo ajue mama anarudi. "Siku zote nilidhani nimeota," akasema.

Mikindani hatukuiona. Kilwa hatukuiona. Siku zote zilizobaki zilikwenda Newala, na hakuna aliyelalamika.

Kwa anayetaka kwenda

Nendeni Juni au Julai, na sweta. Msipande basi la usiku. Mkitoka Dar alfajiri mtalala Masasi, na asubuhi ndiyo mpande Newala. Bebeni pesa taslimu kidogo na nyingine kwenye simu, mawakala wapo mijini. Nendeni na maharimu wenu au kundi la wanawake. Misikiti ipo kila mahali, na mkifika msikitini ulizeni kwanza maji yanachotwa wapi, msimwage ya wenyewe. Bibo, lile tunda la korosho, mkilikuta kwenye msimu kuleni bichi, lakini kinywaji cha uraka ni pombe, msidanganywe kwamba ni juisi. Na kama mna mzee anayetoka bara, kaeni naye barazani kabla ya kufungua ramani. Huenda likizo yenu ameshaipanga yeye zamani, anasubiri kuulizwa.

Deni la overloki tulilimaliza mwezi wa Novemba, kwa kushona. Wiki ile ile ukafika mfuko wa korosho kutoka Newala, umeshonwa mdomo kwa uzi wa bluu. Uzi tuliutambua, tuliuacha sisi. Mama aliwagawia majirani wote wa uchochoro, nyumba kwa nyumba, na kila mlango alisema, "Zinatoka kwetu, Newala."

Mungu awape wazee wetu umri na afya, na atusamehe tuliyowacheka. Amin.